Shamba Likishindikana, Watu Je?



Jumapili hii nakuletea maisha ya mwanamke mmoja ambaye huenda jina lake umelisikia, hasa kama umewahi kufika Nairobi. Katika jiji lile kuna eneo linaloitwa Karen, na ndani yake kuna nyumba ya mawe ambayo leo ni makumbusho. Ndimo alimoishi Karen Blixen, mkulima wa kahawa na mwandishi wa vitabu, aliyefariki mwaka 1962. Hakuwa Mkatoliki, na sikuletei habari zake kama za mtakatifu. Nakuletea kwa sababu sisi wa Kitanga, Kasulu na Kibondo ni watu wa jembe. Wengi wetu tumewahi kuwa wageni katika ardhi ya mtu mwingine, au tumewapokea wageni katika ardhi yetu. Maisha ya mama huyu yana swali moja ambalo kila mwenye shamba atalijibu siku moja.

Alizaliwa tarehe 17 Aprili 1885 huko Rungsted, Denmaki, kwenye ufuko wa bahari nyembamba ambayo ng'ambo yake ni Uswidi. Baba yake, Wilhelm Dinesen, alikuwa askari na mtu wa safari. Alipokuwa kijana alikwenda Marekani, akaishi miezi mingi porini huko Wisconsin jirani na Wahindi Wekundu, kisha akarudi kwao. Karen alimpenda sana baba huyu na alikua akisikiliza habari za nchi za mbali. Lakini mwaka 1895, binti akiwa bado hajatimiza miaka kumi, baba alijiua. Wapo kati yenu mnaojua uzito wa msiba wa namna hiyo nyumbani. Watoto hawaambiwi kitu, lakini wanabaki na swali lisilo na jibu maisha yao yote.

Miaka ile watu wengi wa Uswidi na nchi jirani walikuwa wakihama. Maelfu kwa maelfu walipanda meli kwenda Marekani kutafuta ardhi, kwa maana nyumbani mashamba yalikuwa madogo na watoto walikuwa wengi. Wachache walielekeza macho Afrika Mashariki, ambako Waingereza walikuwa wakiwagawia Wazungu ardhi ya Kenya. Mmoja wao alikuwa Bror Blixen, kijana wa ukoo wa kibaroni wa Uswidi, mchangamfu, hodari wa kuwinda, na mzito katika hesabu. Karen alichumbiwa naye, na kwa fedha za familia ya Karen hasa wakapanga kwenda kulima. Bror alitangulia mwaka 1913. Tarehe 14 Januari 1914 Karen alishuka melini Mombasa, na siku hiyo hiyo wakafunga ndoa ya kiserikali, Wilhelm, mwana wa mfalme wa Uswidi, akiwa shahidi. Karen akawa baronesi wa Kiswidi na mke wa mkulima katika nchi ambayo hakuwa na ndugu hata mmoja.

Hapo mwanzo walifikiria kufuga ng'ombe. Bror akabadili mawazo, akanunua shamba la kahawa chini ya vilima vya Ngong kutoka kwa Mswidi mwenzake, Åke Sjögren. Baadaye shamba likapanuka hadi kufikia kama eka 6,000. Kati ya hizo, eka 600 hivi zilipandwa kahawa. Nyingine zilikuwa msitu, malisho, na makazi ya Wakikuyu waliokuwa wakiishi humo.

Ndugu msomaji, kahawa yenyewe haikuwa ngeni kwa Kanisa. Mapadre wa Roho Mtakatifu waliipanda Bura, katika nchi ya Taita, mwaka 1893, kisha wakaipeleka katika misheni ya Mtakatifu Austin karibu na Nairobi. Kutoka bustani za misheni zao ilienea kwa walowezi. Karen alikuwa na urafiki na mapadre hao Wafaransa. Siku nyingine za Jumapili alikwenda kwao kwa Misa, akakaa nao kuzungumza. Walikuwa wakulima wenzake, na walijua shida zake.

Na shida zilikuwepo tangu siku ya kwanza. Wewe unayelima kahawa huko Manyovu au Kalinzi unajua kwamba mche unataka subira. Unaulea kitaluni, unauhamishia shambani, unapalilia, unaweka kivuli na samadi, na unangoja miaka minne au mitano kabla ya kuona buni ya kutosha. Shamba la Ngong lilikuwa juu mno kwa kahawa, kama mita 1,800 kutoka usawa wa bahari, na udongo wake haukufaa sana. Usiku baridi iliunguza maua. Mvua ilipochelewa, mizigo ya matumaini ilikauka mitini. Mashamba ya jirani yaliyokuwa chini zaidi yalistawi, lake likawa linatoa kidogo kila mwaka. Kosa lilifanyika siku ya kununua, wala hakuna palizi iliyoweza kulirekebisha.

Nyumbani nako hakukuwa na amani. Ndani ya mwaka wa kwanza Karen aliugua kaswende, ugonjwa alioamini kuwa ameupata kwa mumewe, na mwaka 1915 akalazimika kurudi Denmaki kutibiwa. Alibaki na udhaifu wa mwili maisha yake yote, na hakupata mtoto. Bror alikuwa mtu wa kusafiri na kuwinda, mwenye madeni na wanawake wengine. Mwaka 1921 wanahisa wa kampuni, ambao walikuwa ndugu za Karen, walimwondoa Bror katika usimamizi na kumkabidhi Karen shamba lote. Mwaka 1925 wakaachana kisheria. Hivyo mwanamke mmoja, mgonjwa, wa nchi ya mbali, akabaki na mamia ya watu waliomtazama kila asubuhi.

Je, aliishi nao vipi? Tuseme ukweli wote, maana ukweli nusu haujengi imani.

Ukweli wa kwanza ni kwamba ardhi ile haikuwa tupu kabla ya kuja Mzungu. Wakikuyu na Wamasai walikuwa wameitumia tangu zamani. Serikali ya kikoloni iliitangaza kuwa mali ya mfalme wa Uingereza, na kwa sheria ya mwaka 1915 ikaruhusu Wazungu kupewa hati za hadi miaka 999. Mkikuyu aliyezaliwa pale akawa sasa ni mtu wa kuruhusiwa kukaa. Waliitwa maskwota. Ili wabaki na kibanda, kijishamba na mifugo yao, walitakiwa kumfanyia mwenye shamba kazi siku 180 kila mwaka kwa ujira mdogo. Karen hakuitunga sheria hiyo, lakini aliishi kwayo. Wazee wetu wa Buha wanaelewa jambo hili kuliko wasomaji wa Ulaya. Wangapi walitoka Kasulu na Kibondo kwa mkataba, wakaitwa manamba, wakaenda kukata mkonge Tanga? Wao waliliona shamba la mgeni kutoka upande wa kibarua.

Ukweli wa pili ni kwamba, ndani ya utaratibu huo mbaya, mama huyu aliwaona watu wake kuwa watu. Asubuhi alifungua mlango na kutibu vidonda na homa za waliokuja. Alianzisha shule ya jioni shambani, akiwaomba walimu kutoka misheni za Kikatoliki, za Kianglikana na za Kiskoti, wakati ambapo walowezi wengi waliona kumfundisha Mwafrika kusoma ni kutafuta matatizo. Mtu wake wa karibu alikuwa Farah Aden, Msomali Mwislamu aliyempokea alipofika na kusimamia nyumba na fedha zake hadi siku ya mwisho. Siku moja aliona kijana mdogo wa Kikuyu, Kamante Gatura, akichunga mbuzi akiwa na vidonda vilivyojaa miguu yote. Alijaribu kumtibu akashindwa, akampeleka hospitali ya misheni ya Waskoti. Baada ya miezi mitatu Kamante alirudi siku ya Pasaka, akafungua bandeji mbele yake, na miguu ilikuwa imepona. Akamwambia pia kwamba sasa yeye ni Mkristo. Baadaye akawa mpishi mwenye sifa Nairobi nzima.

Lakini upo ukweli wa tatu, na huu alikuja kuuandika yeye mwenyewe bila kujificha. Chifu Kinanjui, mkubwa wa Wakikuyu wa eneo lile na rafiki yake wa miaka mingi, alipokuwa anakufa kwa ugonjwa wa mguu alimwita. Hakutaka kupelekwa hospitali. Aliomba achukuliwe akafie nyumbani kwa Karen. Wakati huo Karen alikuwa amechoka, shamba liko karibu kuuzwa, na aliogopa lawama za wakubwa kama chifu angefia mikononi mwake. Akakataa. Mzee akapelekwa hospitali, akafa usiku huo huo. Miaka ya wema mlangoni, kisha siku moja ya hofu mlango ukafungwa. Ndugu yangu, hilo halikumpata Karen peke yake. Petro naye alikuwa rafiki wa kweli, hadi usiku ule wa moto uani kwa kuhani mkuu.

Turudi shambani. Moto uliteketeza kiwanda cha kukobolea na kukaushia kahawa. Nzige walikuja na kuacha matawi matupu. Mwaka 1929 uchumi wa dunia ulianguka na bei ya kahawa ikaanguka nao. Ndugu wa Denmaki walikuwa wamemwaga fedha miaka mingi, wakasema basi. Shamba likauzwa kwa mtu aliyekusudia kulikata viwanja vya nyumba. Tarehe 14 Mei 1931, katikati ya kufunga mizigo, rafiki yake mpendwa, Mwingereza Denys Finch Hatton, alianguka na ndege yake ndogo huko Voi akafa. Karen alimzika juu ya vilima vya Ngong. Alikuwa na umri wa miaka 46. Hakuwa tena na mume, rafiki, shamba wala fedha, na mwili wake ulikuwa dhaifu.

Sasa sikiliza vizuri, maana hapa ndipo swali lenyewe lilipo.

Mnunuzi alikuwa na haki zote za karatasi. Maskwota wakapewa taarifa ya kuondoka. Wangetawanyika, familia hii huku na ile kule, kila mmoja akitafuta tajiri mwingine wa kumfanyia kazi siku zake 180. Wazee wakaja kwa Karen. Walichoomba ni kukaa pamoja. Walitaka jirani yao abaki jirani, na mifugo yao iwe nao, ili watoto waendelee kujuana. Walijua kwamba ukoo ukitawanywa, unakuwa hauna mashahidi wa kuwa uliwahi kuwepo.

Karen angeweza kusema kwamba yeye naye amefilisika. Ingekuwa kweli. Angeweza kusema kwamba hayo sasa ni ya mnunuzi. Sheria ingemuunga mkono. Badala yake, alitumia miezi yake ya mwisho Kenya akiingia ofisi moja na kutoka nyingine Nairobi, akirudishwa leo na kuitwa kesho, akiomba ardhi ambayo yeye hangeishi juu yake hata siku moja. Maofisa walishangaa: watu hao wanahitaji nini zaidi ya nafasi mahali popote? Hakuacha. Mwishowe serikali ikakubali wapewe sehemu ya hifadhi ya msitu wa Dagoretti, si mbali na pale, wahamie pamoja na ng'ombe wao. Alipopata habari hiyo ndipo alipoona anaweza kuondoka. Katikati ya mwaka 1931 alipanda treni kwenda Mombasa, akarudi nyumbani kwa mama yake, na hakurudi tena Afrika.

Huko ndiko alikoandika. Kitabu chake kuhusu shamba lile kilitoka mwaka 1937 na kikasomwa duniani kote. Mwaka 1985 kikatengenezewa filamu. Alifariki tarehe 7 Septemba 1962 akazikwa chini ya mti karibu na nyumba aliyozaliwa.

Tutafakari nini, mpendwa msomaji?

Katika Kitabu cha Walawi, sura ya 25, Mungu anawaeleza Waisraeli jambo ambalo kila mwenye shamba hulisahau: ardhi ni yake Yeye, nao wanakaa kwake kama wageni na wapangaji. Ndiyo sababu aliamuru mwaka wa Yubilei, ili aliyepoteza urithi arudishiwe. Linganisha na hati ile ya miaka 999. Binadamu anaandika miaka 999, na Karen alimaliza 17. Wewe na mimi tuna miaka mingapi? Hati ya kimila ni kitu chema, itafute na uitunze, lakini haikubadilishi kuwa mwenyeji wa milele.

Jambo la pili: Karen hakulisahihisha kosa la msingi. Watu wale walipewa kipande cha msitu katika nchi ambayo yote ilikuwa ya babu zao. Tusimfanye shujaa kupita kiasi. Hata hivyo, kutoweza kunyoosha ubaya wote hakutupi ruhusa ya kuacha kutenda wema ulio mbele yetu. Zakayo hakufuta mfumo wa kodi wa Warumi. Alianza na watu aliowadhulumu yeye mwenyewe, na Bwana akasema neno jema juu ya nyumba yake.

Jambo la tatu ni la kwetu kabisa, na naomba ulipokee bila kukasirika. Huku kwetu mpaka wa Burundi hauko mbali, na Nyarugusu na Nduta ni majina tuliyoyazoea. Kuna familia ambazo zimelima mashamba yetu miaka kumi, ishirini, kwa ujira mdogo au kwa kugawana mavuno. Kuna mjane anayekaa katika shamba la marehemu mumewe, na shemeji zake tayari wameshaongea na mnunuzi. Kuna kijana yatima aliyekua kwa mjomba akichunga ng'ombe, na siku ya kugawa urithi jina lake halipo. Siku shamba linapouzwa, tunahesabu fedha mara mbili, tunaweka vidole kwenye karatasi mbele ya mwenyekiti wa kijiji, tunapeana mikono. Nani anauliza wale watu watalala wapi? Tunasema hayo ni ya mnunuzi.

Siku ya hukumu Bwana hatauliza magunia. Kahawa ikikataa, mihogo ikiingiwa na ugonjwa, mvua ikigoma, hayo anayajua kuliko afisa ugani. Yeye mwenyewe alisimulia juu ya mtini usiozaa, na mtunza bustani aliyeuombea mwaka mmoja zaidi. Kushindwa kulima si dhambi. Atauliza juu ya watu aliotukabidhi pamoja na shamba: wale waliopalilia nasi, waliokula vyunguni mwetu, waliotuzika wazee wetu. Wako wapi?

Wiki hii, kabla ya kusaini karatasi yoyote ya ardhi, kaa chini na watu wote wanaoishi juu ya ardhi hiyo. Waite kwa majina. Waulize wanakwenda wapi, na kama hawana pa kwenda, usifunge biashara mpaka umewatafutia. Itakugharimu muda, pengine na sehemu ya bei. Karen Blixen alikuwa amepoteza kila kitu, lakini alipata muda huo. Wewe uliyebarikiwa zaidi yake utasema huna?

Ee Mungu, mwenye nchi na vyote viijazavyo, utufundishe kukaa katika ardhi yako kama wageni wenye shukrani, na utusamehe milango tuliyofunga kwa hofu. Kwa Kristo Bwana wetu. Amina.

Nakutakia Dominika njema, wewe na wote walio shambani mwako.